NIKITOKA HAPA NITAKWENDA KWA NANI?

Somo la mwezi: Matumaini ya vijana wanaokulia katika makao ya watoto

Somo letu lililopita lilihusu kutunza korosho baada ya kuvuna. Somo la leo linahusu watoto wetu. Lisomeni katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yapo maswali na kazi ya kufanya. Tafadhali msiiache kazi hiyo, maana ndiyo shabaha ya somo lenyewe.

Siku moja tulikwenda kwenye makao ya watoto yaliyo katika eneo letu la Kibaha na Kisarawe. Tulikaa na vijana wa miaka 14 hadi 17 chini ya mwembe. Tukawagawia karatasi na penseli, tukawaandikia swali ubaoni: "Baada ya miaka kumi utakuwa nani?"

Penseli zilikimbia. Mmoja aliandika daktari. Wawili waliandika mwalimu. Msichana mmoja aliandika afisa ustawi wa jamii. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu, "Yeye ndiye aliyenileta hapa, alinishika mkono njia nzima." Kijana mwingine aliandika kwamba atakuwa dereva wa treni ya umeme inayopita Soga. Na karibu nusu yao waliongeza jambo ambalo hatukuliuliza: "Nitajenga nyumba niwachukue wadogo zangu."

Basi tukafuta ubao, tukaandika swali la pili: "Siku ya kwanza baada ya kuondoka makao, utalala wapi?"

Hapo penseli zilisimama. Wengine walitazamana, wengine walitazama chini. Kijana wa dereva wa treni aliandika maneno machache tu: "Sijui. Labda kwa babu, kama bado ananikumbuka."

Ndugu msomaji, tulirudi na karatasi ile mfukoni. Somo hili limetokana nayo.

1. MAKAO YA WATOTO NI NINI?

Makao ya watoto ni mahali ambapo watoto wengi wanalelewa pamoja na walezi walioajiriwa, kwa sababu hawakuweza kulelewa nyumbani. Mengine ni ya serikali, kama Makao ya Taifa ya Watoto ya Kurasini, Dar es Salaam. Mengi ni ya mashirika ya dini na ya watu binafsi. Yote yanatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Sheria inayohusika ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Zamani makao yalikuwa machache. Mtoto akifiwa, ukoo ulikaa kitako ukaamua: huyu anakwenda kwa shangazi, huyu kwa mjomba. Lakini ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza hapa nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliua watu wazima wengi kwa wakati mmoja. Babu na bibi walibaki na wajukuu sita au saba, wakaelemewa. Makao yakaongezeka. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, wazazi wengi wameishi na kulea watoto wao. Hata hivyo watoto wanaendelea kuingia makao kwa sababu nyingine: umaskini, kutupwa, kupigwa, ugomvi wa wazazi, au mama kuugua akili.

Hapa lazima tusahihishe kosa moja. Watu wengi wanadhani kila mtoto wa makao ni yatima asiye na mtu. Si kweli. Wengi wana mzazi mmoja aliye hai, au babu, au shangazi, au kaka mkubwa. Huenda shangazi huyo anasoma gazeti hili sasa hivi.

2. VIJANA HAWA WANATAKA NINI?

Wanataka yale yale wanayotaka watoto wetu: kazi, nyumba, ndoa, heshima. Lakini tukizitazama karatasi zao vizuri tunajifunza mambo mawili.

Kwanza, mtoto anachagua kazi aliyoiona. Mtoto wa mkulima anaona baba analima, mjomba ana duka, jirani anashona nguo. Mtoto wa makao anaona mwalimu, muuguzi, afisa ustawi na wageni wanaoleta zawadi. Kwa hiyo anataka kuwa mmoja wao. Si vibaya. Lakini kazi kama ufundi bomba, ushonaji, useremala na ufugaji wa kuku hazikuandikwa na yeyote, wala si kwa sababu wanazidharau. Hawajakaa karibu na mtu anayeishi kwa kazi hizo.

Pili, ndoto zao zina deni ndani yake. "Nitawachukua wadogo zangu." Ndugu waliotenganishwa, mmoja makao haya na mwingine makao yale, wanabeba mzigo huo vichwani usiku na mchana. Kijana wa miaka 15 tayari anajiona ni baba wa familia.

3. NINI KINAWAKWAMISHA?

Kwa sheria, mtu akitimiza miaka 18 si mtoto tena. Kwa wengi, huo ndio wakati wa kufungasha. Wapo wanaoruhusiwa kukaa mpaka wamalize masomo, lakini siku ya kuondoka inakuja tu. Inapokuja, hukutana na vizuizi vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni karatasi. Bila cheti cha kuzaliwa ni shida kupata kitambulisho cha Taifa. Bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Akifaulu kwenda chuo kikuu na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kama yatima, anatakiwa aonyeshe vyeti vya vifo vya wazazi wake. Sasa nani anajua baba yake alifariki lini na wapi? Nani anajua jina kamili la mama yake? Makao hayajui. Anayejua ni bibi kijijini. Tena mara nyingi mtoto aliandikishwa shule kwa jina moja na kijijini anaitwa jina lingine. Majina mawili, mtu mmoja, na ofisi inakataa.

Kizuizi cha pili ni mazoea. Makao mazuri yanampa mtoto chakula, nguo, dawa na shule. Lakini chakula kinakuja kwa kengele. Kijana mmoja wa miaka 17 tulimwuliza bei ya kilo ya unga. Hakuijua. Hakuwahi kutumwa dukani na kurudishiwa chenji, wala kukopa chumvi kwa jirani na kuirudisha. Huko nyumbani mtoto wa miaka 8 anayajua hayo. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisema shule lazima imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi. Neno hilo linafaa kwa makao pia. Kijana asiyewahi kushika shilingi elfu tano yake mwenyewe, siku akishika laki moja itamponyoka.

Na huku kwetu Pwani kuna mafunzo mengine. Msichana akivunja ungo, shangazi au somo wake anamkalisha chini na kumweleza mambo ya utu uzima. Mvulana ana babu na wajomba. Katika makao mlezi mmoja ana watoto wengi. Asipopatikana mtu wa kuwaeleza, watajifunza barabarani.

Kizuizi cha tatu ndicho kikubwa: hana mtu. Sisi tukikosa kazi tunarudi nyumbani. Tukiugua tunarudi nyumbani. Hata kama nyumbani kwenyewe ni banda la makuti, lipo. Kijana wa makao akifukuzwa kazi mjini hana pa kurudi. Ndipo tunapomkuta kituo cha mabasi, au tunasikia binti ameolewa na mtu asiyemjua ili apate tu mahali pa kulala.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo kwa nchi zote kwamba makao yawe kwa watoto ambao kweli yanawafaa, malezi ya familia yatangulizwe, na kijana aandaliwe mapema kabla ya kuondoka. Rwanda ilianza mwaka 2012 mpango wa kuwarudisha watoto wa makao katika familia. Kenya ilizindua mkakati wake wa miaka kumi mwaka 2022. Wote wamegundua jambo moja: jengo zuri halitoshi kama mtoto hana wa kwao.

4. NJIA ZIPO

Ndugu msomaji, tusije tukadhani hakuna matumaini. Eneo letu lina bahati.

Pale Kibaha lipo Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Ndani yake kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambako kijana anaweza kujifunza ufundi hata kama hakufaulu sana shuleni. Vipo pia vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Viwanda navyo vimeongezeka Kibaha, na vinataka mafundi umeme, mafundi mitambo na madereva. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Kwa hiyo ndoto ya yule kijana si ndoto ya Alinacha. Inapita na kupiga honi.

Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Aliyekatisha masomo anaweza kujiendeleza kwa njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024.

Lakini angalieni vizuri. Kikundi ni cha watu wanaojuana. Nani atamwingiza katika kikundi kijana asiyejulikana kijijini? Mtendaji atamwandikia barua ya utambulisho kwa ushahidi wa nani? Njia zote hizi zina mlango, na mlango una mlinzi anayeuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Hapo ndipo tunapoingia mimi na wewe.

5. SISI TUFANYE NINI?

(a) Tumtafute. Kama mna mtoto wa ukoo aliye makao, nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wilaya, mweleze. Yeye ndiye atakayewaunganisha na makao. Msiende kumchukua mtoto kimya kimya, hata kama ni damu yenu. Sheria inataka utaratibu, na utaratibu huo unamlinda mtoto.

(b) Tumpe karatasi zake. Andikeni jina kamili la baba, la mama, kijiji alikozaliwa, tarehe au msimu. Kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kipo sandukuni, kitoeni. Cheti cha kifo cha mzazi kiombwe sasa, mashahidi wakiwa bado hai.

(c) Tusimnyang'anye chake. Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto haki yake katika mali aliyoacha mzazi. Mikorosho ya marehemu haikuwa ya yule aliyebaki karibu nayo. Wapo waliofurahi mtoto kwenda makao kwa sababu shamba lilibaki wazi. Tunalisema jambo hili bila kuficha kwa sababu tunalijua.

(d) Tumwalike. Kwa ruhusa ya makao na ustawi wa jamii, aje sikukuu, aje msibani, aje wakati wa kuvuna. Atumwe dukani. Alime tuta lake la muhogo. Ajue njia ya kisimani na majina ya majirani.

(e) Tumfundishe kazi. Fundi cherehani, fundi baiskeli, mama lishe, mfugaji: mnaweza kuyaomba makao vijana waje siku za likizo kutazama kazi zenu. Kutazama, siyo kutumikishwa. Hapa tuwe macho. Kuna ndugu wanaokumbuka binti yupo pale tu wanapotaka mtu wa kufua na kubeba mtoto mgongoni. Huko si kumrudisha nyumbani. Mkiona hivyo, mwambieni Afisa Ustawi au pigeni simu namba 116, ya kumsaidia mtoto. Haina malipo.

(f) Tumsikilize. Sheria inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Asipangiwe tu. Wengine wana sababu ya kutotaka kurudi, kwa maana waliumizwa nyumbani. Hao wasilazimishwe. Labda watafaa zaidi kwa familia nyingine ya malezi.

6. BARUA YA BABU

Sasa tumalizie habari ya yule kijana.

Tulipitia kwa Afisa Ustawi, naye akamwomba kijana ruhusa. Kijana akakubali. Tukamtafuta babu, tukampata upande wa Maneromango. Kumbe ni mhitimu wa kisomo, cheti chake kimetundikwa ukutani. Tulimwuliza, "Mzee, mbona hukumwandikia mjukuu wako miaka yote hii?" Alinyamaza, kisha akasema, "Wanangu, pale wanakula wali na nyama. Mimi niandike nini, na mikono yangu mitupu?"

Alikuwa anaona haya. Mjukuu naye alidhani amesahauliwa. Wote wawili walikuwa wanangoja.

Basi babu alivaa miwani yake, akaandika barua hii. Ametukubalia tuichape, bila majina.

"Mjukuu wangu mpenzi,

Salaam. Mimi babu yako ni mzima ila miguu inauma. Bibi yako anakusalimu. Sikuandika kwa sababu sikuwa na kitu cha kukutumia. Nimeambiwa kitu unachotaka ni habari, basi nakupa habari.

Jina la baba yako kamili nimemwandikia Bwana Ustawi katika karatasi nyingine, na la mama yako pia. Ulizaliwa mwezi wa mvua za vuli, siku ya Ijumaa, mto umejaa, mkunga akavuka kwa shida. Mikorosho ya baba yako ipo, ni 14, miwili imekauka. Nauza korosho zake nanunulia dawa, sasa nitaanza kuweka sehemu yako.

Nyumba yangu ni ndogo lakini mlango haufungwi kwa ndani. Ukitaka kusomea treni, soma. Ukichoka, njoo. Usiniletee kitu.

Ni mimi babu yako."

Tazameni barua hii kama somo la kuandika. Haina maneno makubwa. Babu hakuahidi asichokuwa nacho. Amekiri kosa lake. Ametoa habari za kweli ambazo mtoto hawezi kuzipata ofisi yoyote: siku, mto, mkunga, idadi ya mikorosho. Na amemwacha achague mwenyewe. Simu ni nzuri, pigeni. Lakini maneno ya simu yanakwisha yakisemwa, na barua inakaa chini ya mto.

Tulipompelekea kijana, aliisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alisoma kwa sauti. Kisha alituuliza jambo moja tu: "Miwili iliyokauka, inaweza kupandwa mingine?"

Tulimjibu inaweza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Makao ya watoto: mahali ambapo watoto wasio nyumbani wanalelewa pamoja.
Familia ya malezi: familia inayomlea mtoto asiye wao kwa utaratibu wa sheria.
Afisa Ustawi wa Jamii: mtumishi anayeshughulikia mambo ya watoto, wazee na familia zenye shida.
Urithi: mali inayobaki baada ya mtu kufariki na kugawiwa wanaostahili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chenu kuna mtoto aliyepelekwa makao? Nani anajua habari zake?
2. Kwa nini vijana wengi wa makao wanachagua udaktari na ualimu, siyo ufundi?
3. Kijana wa miaka 18 akifika kijijini leo na kusema "mimi ni mtoto wa fulani", ni nani atakayemshuhudia?
4. Kuna tofauti gani kati ya kumwalika mtoto nyumbani na kumtumikisha?
5. Shamba la marehemu aliyeacha watoto wadogo linatunzwaje hapa kwenu? Mnaridhika?

KAZI YA KUFANYA

Kila mmoja aandike barua ya mistari kumi kwa mtoto wa ukoo wake aliye mbali, akiwa makao au kwingineko. Atie ndani habari tatu ambazo mtoto hawezi kuzipata mahali pengine. Mwalimu wa kikundi asisahihishe herufi peke yake. Aulize pia: barua hii itatumwa lini?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Makao ni mkono mmoja. Mkono wa pili ni wetu.

Elimu haina mwisho. Tuonane katika somo lijalo.